Mtihani wa kompyuta uliwapa sifuri watoto wangu tisa bora huku Kasigau

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Leo nimekuja kujianika mwenyewe kabla wenzangu wa staffroom hawajaniwahi. Haya ninayoyasimulia yametokea kweli, majina ya watu tu ndiyo nimebadilisha. Na pale mtakapoona nimekuwa mjinga sana, msidhani nimetia chumvi. Nimepunguza.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na sayansi, Grade 8, kwenye shule moja chini ya mlima Kasigau. Walio Voi wanaijua barabara ya kuja huku. Unatoka na shati jeupe, unafika na la khaki.

Mwaka huu mradi fulani ulituletea laptop thelathini. Zinachajiwa na sola, na kuna kisanduku kimoja chenye betri yake kinawekwa ofisini kwa headteacher, hicho ndicho server. Mtoto anafanya mtihani kwenye laptop, majibu yanaingia kwenye kisanduku, na dakika hiyo hiyo marks zinatoka.

Wakuu, nyinyi hamjawahi kusahihisha karatasi za darasa zima kwa taa ya kandili ndio maana hamshtuki. Mimi nilitaka kulia.

Nilikuwa kiherehere wa zile mashine kuliko hata waliozileta. Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja aliuliza, je, stima ikipotea katikati, nani atasahihisha? Nikamjibu kwa Kiingereza kirefu mpaka akakaa chini. Mwingine akauliza kama kompyuta inajua mtoto alichelewa kwa sababu ndovu walilala shambani kwao. Huyo sikumjibu, nilicheka tu. Nikikumbuka naona aibu.

Sasa, watoto wenyewe walizipokea kila mtu kivyake.

Kuna walionawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Kuna mmoja aliyebandika plasta ya kidonda juu ya kale kajicho ka kamera, eti mashine isimwone akiwa na wasiwasi. Kuna waliojaa kiburi siku ya kwanza kwa sababu wana mjomba mwenye cyber Voi. Na wengi waliogopa ile saa nyekundu iliyo pembeni ya kioo, inayohesabu kurudi nyuma. Mtoto anajua jibu vizuri kabisa, akiiangalia ile saa anaanza kutokwa jasho viganjani.

Sasa niwajulishe kwa wawili tu, maana hawa ndio uzi wenyewe.

Wa kwanza ni Mkamburi. Analelewa na nyanya yake. Tangu Grade 6 hajawahi kutoka namba moja. Huyu binti alichukua redio mbovu ya marehemu babu yake, waya na makopo ya rangi, akatengeneza kengele ya ndovu. Ndovu akigusa waya shambani, redio inapiga kelele ndani ya nyumba. Nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi, sikuhadithiwa.

Wa pili ni Mwakio. Mwakio ni mtoto mzuri, hana neno na mtu, lakini karatasi haijawahi kuisha mikononi mwake. Muda ukiisha yeye yuko swali la kumi, na hayo kumi ameyaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Kwenye report form yake kila muhula naandika sentensi moja: "Anajaribu. Aongeze bidii." Walimu wenzangu mnaijua hiyo sentensi. Ni ya kumwandikia mtoto ambaye huna la kumwambia.

Kilichokuwa kinagombaniwa ni hiki. Ule mradi ulikuwa unaandaa kambi ya sayansi Voi wakati wa likizo, wiki nzima, watoto watatu kutoka kila shule, na kila mtoto anakwenda na kitu alichokibuni. Watatu hao wangechaguliwa kwa marks za ule mtihani wa kompyuta, na majina yalitakiwa Ijumaa.

Mkamburi alikuwa ameshaipangusa vumbi redio yake. Alikuwa ameniuliza mara tatu kama Voi kuna mtu anayeuza betri za aina ile. Kwake hiyo kambi haikuwa matembezi. Alitaka mtu anayejua redio kweli kweli aiangalie kengele yake, amwambie kwa nini inalia hata mbuzi akipita.

Siku ya mazoezi nilitumia projekta. Nikawaonyesha swali, wakataja jibu, nikabofya mimi. Tukafika mwisho, nikabofya mimi. Wakapiga makofi. Somo likaisha.

Jumatatu tukafanya mtihani wenyewe. Maswali thelathini ya kuchagua, dakika arobaini, watoto ishirini na wanane.

Hapa niwaambie kidogo kuhusu darasa langu, kwa sababu mimi ni mtu wa nidhamu na nilijivunia sana jambo hili. Darasani kwangu hakuna kuibiana majibu. Watoto wangu wanajua tangu wadogo kwamba mwenye kumaliza anageuza karatasi kichwa chini, anaweka mikono juu yake, anatulia. Jirani akiliona jibu lako, mnakula sifuri wote wawili. Sijawahi kulegeza hiyo sheria hata siku moja. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema, na mimi niliwakunja.

Basi mtihani ukaenda kimya kabisa. Wepesi wakamaliza mapema wakatulia kama kawaida. Wazito wakaendelea hadi ile saa nyekundu ikafika mwisho. Mwakio alikuwa wa mwisho kama ilivyoandikwa, nusu ya muda anatazama mlima dirishani.

Nikakimbia ofisini, nikafungua kisanduku, orodha hiyo imetoka. Nikaichapisha bila hata kuisoma, nikarudi darasani nimeiinua juu. Nilitaka waone maajabu ya teknolojia, kwamba wino haujakauka na marks ziko hapa.

Nikaanza kusoma.

Namba moja, Mwakio, ishirini na moja.

Darasa likacheka, wakadhani ni utani. Mwakio mwenyewe akacheka.

Nikaendelea kushuka. Kumi na tisa. Kumi na saba. Kumi na nne. Mpaka nikafika chini ambako kulikuwa na sifuri tisa zimepangana, na jina la mwisho kabisa ni Mkamburi.

Wakuu, mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Angesema ngoja niangalie. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watoto na karatasi mkononi, nimeshaisifu ile mashine mwezi mzima, nikaona nikisita nitaonekana siijui. Basi nikafungua mdomo nikasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Kwenye karatasi mtu anaweza kunibembeleza. Kompyuta haidanganyi."

Mkamburi hakulia. Aliangalia mikono yake tu.

Kuna fomu ndogo ambayo mradi ulitaka kila mtoto aijaze baada ya mtihani, waseme wanauonaje. Nilizikusanya nikazisoma jioni. Wengi waliandika ni mzuri, ni wa kisasa, ile saa iondolewe. Ya Mkamburi ilikuwa na sentensi mbili: "Kompyuta ni nzuri. Mimi ndio mbaya."

Nikaiweka chini ya zile nyingine. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini nilishindwa kukubali.

Jumanne Mkamburi hakuja shule.

Nikaenda kwa headteacher wetu, Madam Mghoi, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, nikampa orodha. Akaitazama akaitazama. Nikaanza kumweleza kwamba wataalamu wanaiita anxiety, kwamba wale watoto bora wamezoea kukariri, wakikutana na mashine woga unawaziba akili, kwa hivyo hii ndiyo picha halisi ya uwezo wao. Niliongea vizuri, nakumbuka hata mikono nilikuwa nairusha.

Madam akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kila swali lina majibu mangapi ya kuchagua. Nikamwambia manne.

"Mwalimu," akasema, "hata ukimweka kuku adonoe hizo keyboard, maswali thelathini, atapata moja."

Mimi ndiye mwalimu wa hesabu pale shuleni, na headteacher anafundisha CRE, somo la dini.

Nikatoka nje nikasimama kwenye jua. Kweli kabisa, mtoto mwoga anapata tano, anapata saba. Mtoto akibahatisha amefumba macho anapata kitu. Kupata sifuri kwenye thelathini kwa kubahatisha ni karibu muujiza. Na sifuri tisa, wote watoto watiifu, wote wepesi, hakuna hata mtundu mmoja kati yao. Nilikuwa nimetoa shahada za ujinga kwa watoto bila kujiuliza swali ambalo kuku amelijibu.

Sikungoja wakati wa lunch. Nikachukua laptop moja na kisanduku begani, nikatembea hadi kwa kina Mkamburi.

Nyanya yake nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye ungo. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda. Kisha akaendelea kupukuchua, akiningoja nijieleze. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema yuko shambani, amesema shule basi, yeye atabaki kulinda mahindi.

"Mwalimu, huyu mtoto ndovu hamwogopi," akaniambia. "Lakini hiyo kitu umebeba anaiogopa. Umemfanyia nini?"

Nikasema, nyanya, sijui, ndio nimekuja kujua. Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli nililotoa wiki ile.

Mkamburi akaitwa. Akaja na udongo miguuni, akasimama mbali na laptop kana kwamba ina moto. Nikamwambia simpimi yeye, naipima mashine, na mashine haiwezi kupimwa bila mtu anayejua majibu. Hapo alitabasamu kidogo sana. Akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka, akaanza.

Nilichofanya safari hii ni kitu ambacho ningefanya Jumatatu. Nilikaa nyuma yake nikaangalia.

Mtoto anajibu vizuri. La kwanza sawa, la pili sawa, la tatu akasita, akaliruka, akarudi baadaye akalipata. Ile saa nyekundu aliifunika kwa kidole gumba cha kushoto asiione, akawa anafanya kazi kwa mkono mmoja. Dakika ishirini na mbili amemaliza yote. Akarudi juu akapitia tena.

Halafu, wakuu, akashika kile kifuniko cha laptop, akakishusha taratibu mpaka kikafunga. Akaweka mikono miwili juu yake. Akatulia.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, mbona umefunga?

"Nimemaliza, mwalimu. Sitaki mtu aone."

Mlima Kasigau uko pale, ungeniangukia ningeshukuru.

Nikaifungua ile laptop. Ilikuwa imelala, imeachana na kisanduku. Nikaangalia kwenye orodha: Mkamburi, sifuri.

Palepale nikampigia simu Bi Rehema, dada wa Taveta anayeshughulikia huo mradi pale Voi, mtu wa upole sana. Nikamweleza. Akaniuliza kama watoto walibofya kutuma majibu kabla ya kufunga. Nikamwambia sijawafundisha kubofya kutuma. Siku ya mazoezi nilibofya mimi.

Akaniambia kwamba laptop ikifungwa kabla ya majibu kutumwa inalala, na mfumo unamhesabu mtoto kuwa hajafanya. Wale walioacha laptop wazi hadi mwisho wa muda, mfumo wenyewe ulituma majibu yao. Nikamuuliza sasa kwa nini inaandika sifuri badala ya kuacha wazi. "Hilo ni kosa letu, mwalimu wangu," akasema. "Ilitakikana iandike hayupo. Hakuna shule imewahi kutuambia, sababu kwingine watoto hawafungi."

Kwingine watoto hawafungi. Wa kwangu tu ndio wanafunga, kwa sababu mimi ndiye niliyewakunja. Watoto tisa waliadhibiwa kwa kunitii, na waliopona ni wale ambao hawakuwahi kumaliza.

Na kibaya zaidi, Jumatatu ile niliziona zile laptop tisa zimefungwa, mikono juu. Niliziona! Nikajisemea moyoni, ona watoto wenye nidhamu. Nikasikia fahari kabisa.

Nikamweleza Mkamburi kilichotokea. Akaifikiria kama anavyofikiria mambo ya waya. Akaniuliza, "Kwa hivyo majibu yangu yalikuwa yapo?"

Nikamwambia yalikuwepo, yote, ila hayakufika.

Hapo sasa ndipo alipolia. Nyanya akasogeza ungo wake pembeni akampakata, binti wa miaka kumi na minne, miguu imefika chini. Mimi nikajifanya nazungusha nyaya za kisanduku.

Jumatano asubuhi nikasimama mbele ya darasa. Nimefundisha miaka kumi na mbili na sijawahi kuwaomba watoto msamaha, na mwalimu aliyenifundisha mimi hakuwahi, na aliyemfundisha yeye ndio kabisa. Nikawaambia zile sifuri tisa zilikuwa zangu, si zao. Nikawaambia kompyuta haikudanganya lakini haikusema ukweli pia, na mimi niliyekuwa na macho sikuangalia. Nikataja majina yote tisa, mmoja mmoja, nikasema pole.

Mwakio akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo mimi sikuwa namba moja?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, na tangu hapo hewa ikarudi.

Bi Rehema alikubali turudie Alhamisi, kwa maswali mapya. Safari hii mazoezi aliyaendesha Mkamburi, mimi nikakaa dawati la nyuma. Aliwaambia wenzake kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: maliza, pitia, tuma, ngoja iandike imepokelewa, ndio ufunge. Akawafundisha na ile mbinu ya kidole gumba juu ya saa. Mtoto wa plasta ya kamera akasema yeye atabaki na plasta yake, nikamwacha.

Matokeo yakatoka. Kabla ya kuyasoma kwa sauti niliyapitia peke yangu ofisini, mstari kwa mstari, Madam Mghoi akiniangalia juu ya miwani.

Mkamburi, ishirini na nane.

Wa pili, ishirini na tano, binti mwingine kati ya wale tisa.

Na wa tatu, wakuu, ni Mwakio, ishirini na tatu. Alibofya dakika ya mwisho kabisa, lakini alibofya.

Hapa ndipo niliposhikwa kabisa. Ile ishirini na moja yake ya Jumatatu ilikuwa halali! Mashine iliyowakosea watoto tisa ilikuwa imempatia huyu mmoja. Kumbe Mwakio anajua. Miaka yote hiyo nilikuwa nasahihisha mwandiko wake na kasi yake, si akili yake, halafu namwandikia anajaribu. Kwa hivyo msije mkasema humu kwamba nazipinga kompyuta. Kalamu yangu nyekundu nayo imewadanganya watoto, na hakuna Bi Rehema wa kuipigia simu.

Majina matatu yakaenda Ijumaa. Wakati wa likizo nikawasindikiza Voi mwenyewe, Mkamburi amepakata redio yake kwenye mfuko wa unga. Fundi mmoja pale kambini aliifungua, akaitazama sana, akamuuliza nani amekufundisha hii. Siku ya nne walikuwa wameipata ile shida ya mbuzi. Sasa hivi kengele inalia kwa ndovu tu, na kwa mjomba wao mmoja mnene ambaye hajafurahia.

Nyanya alinitumia ndizi mkungu mzima. Sikustahili lakini nimezila.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Mtoto wako akileta sifuri, usianze na mtoto. Anza na kiti alichokalia, mashine aliyopewa, na maneno uliyomwambia mwaka juzi ukasahau, kwa sababu yeye hajasahau. Woga wa mtihani upo, sikatai, nimeuona kwenye viganja vyao. Ila mimi niliutumia kujificha, na ningejificha hadi leo kama si kuku wa Madam.

Walimu mlioko humu, wazazi wa Ndara, Mboghoni, kokote, na nyinyi vijana wa IT, hebu semeni. Huko kwenu watoto wanaichukuliaje hii mitihani ya kompyuta, na nyinyi mmewahi kuipima mashine kabla haijawapima watoto? Mkitaka kunicheka anzeni, nimeshavaa kofia ya chuma.

Ah, nilisahau. Baada ya ule mtihani wa Alhamisi walijaza tena ile fomu ya kusema wanauonaje. Ya Mkamburi nimeibandika kwenye mlango wa kabati langu staffroom. Ameandika kwa mwandiko safi, kama anajaza report form:

"Kompyuta inajaribu. Iongeze bidii."

Na chini yake, kwa herufi ndogo sana: "Mwalimu pia."